Kengele ya shule yetu ilikuwa reli

Haya wadau, poleni kwa ukimya wa wiki tatu. Mitihani ya majaribio ilinikaba, halafu bumu nalo likachelewa, basi nikawa mtu wa kulala mapema ili njaa isinikute macho. Leo Jumapili hosteli imetulia, wenzangu wa chumbani wameenda kufua, nami nimekaa kitandani na kompyuta ya kuazima. Anayetaka habari za nani anatoka na nani arudi wiki ijayo. Leo ni historia, na ni ndefu.

Ilianza hivi. Kwenye kozi yetu ya mbinu za kuandika historia tulipewa kazi: kila mtu aandike kuhusu kitu kimoja cha mahali anapotoka. Wenzangu wa Bagamoyo na Kilwa wakachekelea, wao wana magofu. Mimi natoka Ushongo. Kwa wasiopajua, ni kijiji cha wavuvi kusini ya mji wa Pangani. Ukishavuka mto na kutokea Bweni, unafuata barabara ya vumbi kati ya minazi na mkonge mpaka unasikia bahari. Tuna ngalawa, tuna hoteli chache za watalii, tuna upepo. Nikamwambia jirani yangu wa darasani, "Sisi hatuna historia, tuna samaki."

Yule jirani ni mtu wa kuangalia video usiku kucha. Siku ile alikuwa anaangalia bustani moja ya mji huko Uingereza, Jumapili, watu wamekuja na watoto wao. Katikati ya majani kuna reli ndogo, ndogo kweli, na kigarimoshi kinachofika kiunoni mwa mtu. Watoto wamekikalia kama wamepanda punda, miguu huku na huku. Dereva ni mzee mwenye mvi na kofia ya reli, anatia makaa kwa kijiko kama cha kupakulia wali! Chini pameandikwa kwamba hao wazee wote wanajitolea, hakuna anayelipwa. Wanatengeneza injini wenyewe, wanalaza reli wenyewe, wanakata nyasi wenyewe.

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu ile reli niliijua. Si ile ya kwenye video, ila ndugu yake, nyembamba hivyo hivyo, chuma chembamba ambacho mtu mzima anakibeba begani. Pale shule yangu ya msingi kipande chake kilikuwa kimening'inizwa kwenye mwarobaini kwa waya. Zamu ikiwa yako unakigonga kwa bolti kubwa, ngaa ngaa ngaa, na mlio unafika mpaka ufukweni. Miaka saba niliingia na kutoka darasani kwa mlio ule na sikuwahi kuuliza, reli hii ilitoka wapi? Ushongo hakuna treni. Pangani nzima hakuna treni.

Kwanza niwaeleze jambo moja. Reli ya kweli, ile kubwa, ilitupita. Wajerumani walianza kujenga reli yao ya kwanza katika nchi hii pale Tanga mwaka 1893. Ikafika Muheza 1896, kampuni ikaishiwa hela, serikali ikaichukua 1899, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Pangani, ambayo karne ile ilikuwa bandari ya misafara ya pembe na watumwa kutoka bara, ikaachwa pembeni na biashara ikahamia Tanga. Mpaka leo ukitembea kando ya mto Pangani unaona yale majengo makubwa ya zamani yanavyotazama maji kama mtu aliyeahidiwa mgeni. Sasa kama reli kubwa haikufika, ile kengele ilitoka wapi?

Nikaenda maktaba. (Ndiyo, mimi, maktaba, bila mtihani. Msishangae.)

Kumbe, wadau, treni ya kwanza ya ukanda wetu ilikuwa ndogo, na ilikuwa ya starehe. Sultani Barghash wa Unguja alijengewa kireli kutoka kasri yake ya mjini hadi kasri ya Chukwani, mwaka 1879. Mabehewa yalikuwa mawili, na mwanzoni yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 akaagiza injini ndogo kutoka Uingereza, kampuni ya Bagnall. Alipofariki mwaka 1888 reli ikang'olewa na injini ikawa chuma tu. Hakuna aliyejitolea kuitunza, na nani angejitolea? Ilikuwa ya mfalme. Baadaye Unguja ilipata nyingine, ya Bububu, mwaka 1905, iliyojengwa na kampuni ya Wamarekani. Ilipita katikati ya vichochoro vya mji kiasi kwamba ungeweza kununua kitu dukani kwa kunyoosha mkono dirishani. Karibu na 1930 nayo ikawa imekwisha.

Mombasa ndiyo iliyonichekesha, kicheko cha uchungu lakini. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza ilianza kwa mbwembwe reli ya kwenda katikati ya Afrika, ikalaza maili chache, ikashindwa. Zile reli nyembamba zikang'olewa na kulazwa mitaani Mombasa, na juu yake wakaweka viti vyenye paa. Mzungu anakaa, Waswahili wawili wanasukuma kwa nyuma wakikimbia. Maofisa na matajiri walikuwa na vigari vyao binafsi, na vijia vya reli viliingia mpaka mlangoni kwa mtu. Ilidumu hivyo hadi miaka ya 1920. Yaani reli ipo, magurudumu yapo, injini ni mtu.

Shikeni hapo, injini ni mtu. Tutarudi.

Sasa reli yetu. Huko Ufaransa kulikuwa na bwana mmoja, Paul Decauville, mwenye shamba karibu na Paris. Mwaka 1875 alikuwa na mavuno makubwa ya viazisukari na shamba limejaa matope, mikokoteni inazama. Akabuni reli ambayo imeshafungwa tayari kwa vipande, kama ngazi ya chuma. Unailaza chini, unaunganisha na nyingine, ukimaliza kuvuna upande huu unaiinua na kuihamishia upande ule. Hakuna mhandisi wala tuta. Upana uliopendwa zaidi ulikuwa sentimita 60. Ikauzwa dunia nzima kwa mashamba ya miwa, migodi na majeshi. Kisha akafanya ujanja: kwenye maonesho makubwa ya Paris mwaka 1889, yale ya mnara wa Eiffel, alilaza reli yake hiyo hiyo ya shambani na kubeba watazamaji. Zaidi ya watu milioni 6 walipanda ndani ya miezi michache! Chombo cha matope kikawa burudani.

Mwaka huo huo wa 1889, tarehe 15 Desemba, Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim pale Pangani. Nimeziandika tarehe hizi mbili kwenye karatasi moja na kuibandika juu ya kitanda changu. Mwenzangu wa chumbani anauliza ni za nini, sijui nimjibu nini.

Baada ya Abushiri njia ilikuwa nyeupe kwa mashamba. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, bwana shamba wa kampuni ya Wajerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Mexico, kwenye asili yake, walikuwa hawataki itoke. Ikapitia Hamburg, ikafika Tanga imekauka, na miche 62 tu ndiyo ilikuwa hai. Na hiyo 62 ikapandwa wapi? Kikogwe! Ng'ambo ya mto, upande wetu, pale ambapo nikienda nyumbani napita na bodaboda huku nimefumba macho kwa vumbi. Mkonge wote mnaousoma kwenye desa za jiografia, ule wa Tanga nzima, wa Kenya, wa Morogoro, shina lake ni hapo. Halafu nikasema hatuna historia.

Mkonge na reli ndogo vinaendana kama nazi na wali, na sababu yake ni hesabu. Ukikata kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi utakazopata ni kama kilo 4. Zilizobaki ni maji na takataka za kijani zinazonuka. Ina maana karibu mzigo wote unaoubeba kutoka shambani unaenda kumwagwa. Na huwezi kusubiri: jani likikaa siku mbili tatu linakauka, na nyuzi zinakuwa mbaya. Lazima lifike korona upesi. Korona ndiyo ile mashine ya kusaga majani. Ni jina la mashine ya Kijerumani lililokaa midomoni mwa watu mpaka jengo zima likaitwa hivyo. (Mwaka 2020 wenye umri wa babu walichanganyikiwa sana redio iliposema korona imefika nchini. "Si ipo miaka yote?") Basi shamba likiwa na maelfu ya ekari, mvua za masika zikinyesha na barabara ni uji, utabebaje huo mzigo? Kwa ngazi ya chuma ya Bwana Decauville. Mashamba ya mkonge yakafumwa reli hizi kila upande, na juu yake vikapita vitroli. Palipokuwa na hela kulikuwa na kiberenge cha kuvuta. Penginepo injini ni mtu.

Vita ya Kwanza ilipofika, hizi reli za mashamba zikaandikishwa jeshi! Baada ya Waingereza kupigwa Tanga Novemba 1914, Wajerumani walijua kwamba siku moja watabanwa kaskazini. Wakakusanya reli na vitroli kutoka mashamba ya mkonge wakalaza njia kutoka Mombo kuelekea Handeni, ili vifaa vitoke reli ya Tanga kwenda upande wa Reli ya Kati. Wasukumaji walikuwa Waafrika kwa mikono yao. Waingereza wakaifuata njia hiyo hiyo na kuingia Handeni Juni 1916. Kwenye desa zetu vita hii ina Lettow-Vorbeck na tarehe. Msukuma troli hana hata mstari.

Kulikuwa na nyingine pia ambayo siwezi kuiacha, ya Sigi. Hii ilitoka Tengeni karibu na Muheza ikapanda kwenye msitu wa Usambara Mashariki, kama kilomita 23, upana sentimita 75, ikishusha mbao na kuhudumia kituo cha utafiti cha Amani kilichoanzishwa 1902. Niliwahi kupelekwa huko na shule ya sekondari. Mle ndani ya hifadhi ya Amani, pale Sigi, nyumba ya mkuu wa stesheni bado ipo, imetengenezwa vizuri na kufanywa kituo cha kupokea wageni. Nyumba ya stesheni, miti mirefu, vipepeo... reli hakuna. Nikiwa kidato cha tatu nilidhani ni jina tu. Kati ya reli ndogo zote za kwetu nilizosoma, hiyo nyumba ndiyo kitu pekee nilichokiona kikitunzwa kwa makusudi.

Basi, likizo fupi ya katikati ya semista nikaenda nyumbani. Niliweka ile video kwenye simu.

Babu yangu mzaa mama ana miaka sabini na kitu. Alikuwa amekaa barazani anasuka kamba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mchumba. Umekuja kunioa au umekuja kula?"

"Vyote babu."

Nikamwonesha. Alishika simu mbali na macho kama anavyoshika karatasi za dawa. Akaangalia watoto, akaangalia wazee wenye kofia, akaangalia mpaka mwisho, akasema nirudie. Halafu akasema, "Hii si ndiyo kazi yangu?"

Nikamwambia ni bustani, babu, wanacheza.

"Naona wanacheza. Wanalipwa shilingi ngapi?"

"Hawalipwi. Wanajitolea."

Akanyamaza. Bibi kutoka jikoni akasema, "Watu wa kusukuma troli bure? Hao wamelogwa." Babu wala hakucheka. Akasema, "Sisi tulilipwa. Kidogo, lakini tulilipwa," na akaanza kusimulia. Mimi nikatoa daftari, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kumjua.

Alianza kusukuma akiwa kijana wa miaka kumi na sita, katika shamba ambalo sitalitaja. Wakataji wanafunga majani 30 mzigo mmoja, wanayapanga kando ya reli. Wasukumaji wanapakia, wawili wanasukuma, mmoja anakaa na gogo la breki. Kupanda ni jasho, kushuka ni raha na ni kifo. Kushuka wote mnarukia juu, troli inakwenda yenyewe, upepo usoni, mnaimba, na yule wa breki anakandamiza gurudumu kwa gogo. Siku moja gogo liliteleza. Ndiyo maana babu mkono wa kushoto ana vidole vitatu. Mimi siku zote niliambiwa ni papa! Nimekua nikiwasimulia watu kwamba babu yangu alipigana na papa. Nikamuuliza kwa nini alidanganya. "Ushongo ni kwa wavuvi," akasema. "Ukisema papa wanakuelewa. Ukisema troli wanajua wewe ni wa kambini."

Hapo ndipo ilipo habari yenyewe. Mimi chuoni najiita mtu wa Tanga, na nikisema kwa lafudhi hii hakuna anayebisha. Lakini baba yake babu alitoka Kasulu, Mha. Aliletwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuandikisha vibarua, iliyoanza 1944 na kufungwa 1965. Walikwenda kuchukua watu Kigoma, Mbeya, Songea mpaka Rwanda na Burundi, wakawaleta kwa malori na treni, kila mtu na namba yake. Ndiyo maana wakaitwa manamba. Mkataba ulihesabiwa kwa kipande, kazi 30 ndipo unalipwa, na siku ambayo hukumaliza kazi yako haihesabiwi. Wengine walirudi kwao. Baba yake babu hakurudi. Babu akazaliwa kambini, akasukuma troli, akamwona bibi ambaye ni wa pwani kabisa kabisa, akahamia Ushongo na kujifunza kupaka ngalawa lami. Yaani bila ile reli ya sentimita 60 mimi sipo. Ningekuwa mtu mwingine, Kasulu, nakula ugali wa muhogo na migebuka na siujui hata upepo wa kaskazi.

Babu aliacha kusukuma baada ya Azimio. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zaidi ya 200,000 za mkonge, hakuna aliyetushinda duniani. Mwaka 1967 serikali ikachukua mashamba mengi, lakini wakati huo bei ilishaanza kuporomoka kwa sababu kamba za nailoni zilikuwa zimeingia sokoni. Watu hubishana sana hapa chuoni nani aliua mkonge, Mwalimu au nailoni. Mimi nasema bei ilishuka kwanza, na uendeshaji mbovu ukamalizia. Miaka ya 1990 tulikuwa chini ya tani 40,000. Mashamba mengine yaligeuka pori, mengine yakauzwa tena kwa watu binafsi na yanalimwa mpaka leo. Reli lakini hazikurudi. Trekta na tela ndivyo vilivyozimaliza, kwa sababu trekta haihitaji mtu wa kuhamisha njia. Zikabaki porini zinaota kutu, watu wakazichukua mojamoja: nguzo ya uzio, boriti ya juu ya mlango, nanga ya ngalawa, jiwe la kunolea panga. Na kengele.

Nikamwambia babu, kesho nakwenda kuipiga picha ile kengele. Akasema, "Hujaambiwa?"

Haipo. Ilikwenda na watu wa skrepa. Sitaji nani aliiuza wala kwa shilingi ngapi, maana wengine ni walimu wangu na mimi mwenyewe nasomea ualimu, na bati la darasa lilikuwa linavuja kweli. Nilikwenda hata hivyo. Kwenye mwarobaini kuna rimu ya gari. Waya ni ule ule. Mtoto wa zamu akaigonga mbele yangu, ikalia *ndo ndo* kama sufuria. Nilisimama pale kama mjinga.

Usiku ule sikulala, nikawa nawaza wale wazee wa bustani. Nilipokuwa maktaba nilikuwa nimesoma kuhusu reli ya Talyllyn huko Wales. Ile nayo ilikuwa reli nyembamba ya wafanyakazi, ya mwaka 1865, ya kubeba mawe ya kuezekea kutoka machimbo. Mwenyewe alipofariki mwaka 1950 ilikuwa imechoka, nyasi zinashikilia mataruma. Watu wa kawaida wakaunda chama, na mwaka 1951 wakaanza kuiendesha kwa kujitolea, wa kwanza duniani kufanya hivyo. Vyama vya namna hiyo sasa vimejaa nchi yao nzima. Nikajiuliza, je sisi hatupendi vitu vyetu? Jibu hilo ni rahisi mno na silipendi. Waliojitolea Talyllyn wengi hawakuwa wachimba mawe. Mtu anayekwenda kusukuma reli Jumapili kwa raha ni mtu ambaye Jumatatu mpaka Ijumaa hakuisukuma. Na ana Jumapili. Nani hapa kwetu angeitunza? Bwana shamba? Babu, na vidole vyake vitatu?

Halafu kuna Mexico, na hii ndiyo inanisumbua kuliko Wales. Kule Yucatán, nyumbani kwa mkonge, mashamba ya huko nayo yalifumwa reli za Decauville na vitroli vikavutwa na wanyama. Mkonge wao ulipokufa, wanakijiji wa Cuzamá hawakuuza reli. Wakaweka mabenchi juu ya vitroli, wakafunga farasi, wakawa wanawabeba watalii kuwapeleka kuogelea kwenye visima vya mapangoni. Wajukuu wa vibarua hao. Kwa hela, si kwa kujitolea. Na sisi Ushongo watalii tunao, wanakuja kutazama kasa wakianguliwa na kupanda ngalawa, halafu wanauliza kuna nini kingine cha kuona. Tunawaambia hakuna.

Asubuhi nikamweleza babu habari za Mexico. Alisikiliza sana. Akauliza farasi wanakula nini. Kisha akasimama, akachukua fimbo, akasema, "Twende. Lakini ni mbali, usije ukaniambia umechoka."

Tulitembea zaidi ya saa moja kuingia upande wa bara, kwenye mkonge wa zamani ulioachwa umechipuka maua marefu kama nguzo za umeme. Mimi ndiye niliyechoka. Kuna kijito kinachokauka kiangazi, na juu yake kuna kikalvati cha zege kilichojaa nyasi. Babu akafyeka kwa fimbo, akafyeka, mpaka chuma kikaonekana. Reli mbili, urefu wa hatua nne hivi, zimezama kwenye zege hadi shingoni. Watu wa skrepa wameshindwa kuzing'oa. Alama za nyundo zipo pembeni, mpya kabisa.

Nilikuwa nimeazima futi kwa fundi cherehani. Nikapiga magoti, nikapima kati ya reli na reli kwa upande wa ndani. Sentimita 60. Nikapima tena kwenye ncha nyingine, 60 na kidogo, kutu hiyo. Nikaandika kwenye daftari, na tarehe, na jina la kijito. Wadau, sijawahi kupata raha ya namna hiyo kwenye lekcha yoyote.

Nikamwambia babu asimame hapo katikati nimpige picha, iende na kazi yangu ya chuo. Alikataa. Nikambembeleza, nikamwambia ni moja tu, troli hakuna, babu, haiji. Akatazama juu ya kilima, upande ule zilikokuwa zinashukia.

"Mtu hasimami katikati ya reli," akasema, akasogea kando. Ndiyo maana kwenye picha yupo pembeni, karibu atoke, na mkono wa kushoto ameuficha nyuma.